Ngoma za Chuka na Nyimbo za Wazee

Katika nchi iliyo mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu na Mbeere hata Chuka, Tharaka na Meru, nyimbo za asili zilihifadhiwa vinywani mwa watu. Ziliimbwa wakati wa tohara, arusi, mavuno na kazi za mashamba. Ndiyo sababu wimbo mmoja huweza kusikiwa katika vijiji viwili kwa maneno mbalimbali, na kila kijiji husema kwamba chenyewe ndicho chenye wimbo.

Tofauti hizo si makosa. Mwimbishaji mmoja huanza, na wengine humwitikia. Kiitikio hakibadiliki sana, lakini mwimbishaji anayo ruhusa ya kutunga yake: atamsifu mwenye karamu, atamcheka mvivu, au atataja habari za juzi. Wimbo hudumu kwa kuwa kiitikio ni cha wote, nao hupendeza kwa kuwa mwimbishaji ana jipya la kusema.

Wanaojulikana kuliko wote katika sehemu hizi ni wapiga ngoma wa Chuka, katika Tharaka-Nithi, nchi iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Meru hadi mwaka 1992. Ngoma yao ni ndefu, imewambwa ngozi, nayo hushikwa katikati ya miguu ikiinama mbele. Mpigaji huipiga kwa viganja huku mwenyewe akicheza. Anayetaka kuifahamu vema asisikilize kishindo tu. Na asikilize kwanza ngoma inayoshika mwendo, kisha zile zinazojibizana juu yake. Hapo atatambua kwamba kila mpigaji ana sehemu yake, na akikosa mmoja, wote huyumba.

Nyimbo za zamani huweza kuvikwa nguo mpya. Wimbo wa Taifa wa Kenya, uliotengenezwa mwaka 1963, sauti yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wanafunzi hushindana kwa nyimbo za makabila, nyingine zikipangwa upya kwa sauti nne. Hata makanisa, ambayo mengi yao zamani yaliwakataza waumini kucheza ngoma, sasa huzipiga katika ibada.

Lakini iko hatari. Mwanafunzi aliyejifunza wimbo kwa ajili ya mashindano huujua kwa dakika chache za jukwaani. Mzee aliyeukulia hujua uliimbwa lini, na nani, na kwa sababu gani. Mzee huyo akifariki bila kuulizwa, kinachobaki ni sauti isiyo na maana yake. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, huko magharibi ya Kenya, iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa mila zinazohitaji kulindwa upesi.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi hutaka jamii yenye mali iombwe idhini kabla ya mtu kuitumia. Hata hivyo, sheria haiwezi kulinda wimbo usiojulikana. Basi yafaa kila anayenasa wimbo kwa simu aandike jina la mwimbaji, kijiji chake, siku yenyewe, na kazi ya wimbo huo. Akiba haiozi.