Uzamili wa gemu: Kazi ndiyo inayotazamwa kabla ya cheti

Mwaka 1997 studio moja ya mjini Dundee, mashariki mwa Uskoti, ilikamilisha gemu ya wizi wa magari iliyoitwa Grand Theft Auto. Mwaka huohuo chuo kikuu cha mji huo, Abertay, kilianzisha shahada ya teknolojia ya michezo ya kompyuta, ambayo hutajwa miongoni mwa za kwanza duniani. Mambo hayo mawili yalitoka kwenye shina moja.

Dundee ulikuwa mji wa viwanda vya juti. Viwanda hivyo vilipodhoofika, kiwanda cha saa cha Timex kikawa tegemeo la wengi, na kuanzia mwaka 1982 kikawa kinaunda kompyuta ndogo za nyumbani zilizoitwa ZX Spectrum. Kompyuta zikaenea katika nyumba za wafanyakazi, na watoto wakajifundisha kuandika programu. Mmoja wa vijana waliopitia kiwandani hapo, David Jones, alipopunguzwa kazi alitumia kiinua mgongo chake kununua kompyuta ya Amiga. Akaingia katika chuo ambacho baadaye kilipandishwa hadhi na kuitwa Abertay, na akiwa bado mwanafunzi akaanzisha kampuni ya DMA Design. Mwaka 1991 kampuni hiyo ilitoa Lemmings, gemu iliyopata umaarufu mkubwa. Miaka sita baadaye ikaja Grand Theft Auto.

Timex ilifunga milango mwaka 1993. Gemu zikabaki.

Leo vyuo vingi vya Ulaya, Marekani na Asia vinatoa shahada ya uzamili katika utengenezaji wa gemu, na vijana wa Afrika Mashariki wanaanza kuulizia nafasi. Mzazi anayesikia habari hiyo hukumbuka haraka mabanda ya pleisteshini ya mtaani, na hofu yake inaeleweka. Lakini kinachofundishwa katika madarasa hayo kiko mbali sana na kushika kidhibiti na kucheza hadi usiku.

Tazama hesabu iliyo ndani ya gemu ya kawaida. Ili mwendo uonekane laini, kompyuta hutakiwa kuchora picha 60 kwa kila sekunde. Maana yake ina milisekunde zisizofika 17 kwa picha moja. Ndani ya muda huo isome vidole vya mchezaji, ikokotoe kila kinachotembea na kinachogongana, iamue adui afanye nini, ichore picha nzima, itoe sauti, kisha ianze upya. Ikichelewa kidogo tu, picha hukwama na mchezaji hukereka. Ndiyo sababu anayechagua upande wa uandishi wa programu hukutana na vekta na matriki, fizikia ya mwendo, akili bandia na lugha ngumu kama C++. Aliyeikimbia hesabu sekondari atakutana nayo tena huko.

Upande wa pili ni wa wasanii wa picha, watunzi wa muziki, waandishi wa hadithi na wabunifu wa kanuni za mchezo. Pande hizo mbili zinapokutana ndipo uzamili wa gemu unapotofautiana na uzamili mwingine mwingi. Pale Abertay, wanafunzi wa uzamili hukaa katika timu zinazofanya kazi kama studio: kuna mradi, kuna ratiba, na kuna tarehe ya kukabidhi. Mwandishi wa programu hujifunza kumsikiliza mchoraji, na mchoraji hujifunza kwa nini mti wake mzuri unailemea kompyuta.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Pittsburgh, Marekani, kiliupeleka mtindo huu mbali zaidi. Mwaka 1998, Randy Pausch, profesa wa kompyuta, na Don Marinelli, profesa wa tamthilia, walianzisha pamoja kituo cha teknolojia ya burudani. Uzamili wake huchukua miaka miwili, na sehemu kubwa ya kazi ni miradi ya timu. Katika somo lililomletea Pausch sifa, wanafunzi wa fani mbalimbali huwekwa pamoja, hupewa wiki mbili hivi kuunda ulimwengu wa kompyuta unaofanya kazi, kisha hupangwa na wenzao wengine na kuanza mwingine. Anayezoea kufanya kazi peke yake chumbani hapati pa kujificha.

Je, kazi ya darasani inaweza kufika sokoni? Mfano mzuri ni Jenova Chen, kijana wa Shanghai aliyekwenda kusoma uzamili katika Chuo Kikuu cha Southern California. Tasnifu yake ilihusu namna ya kumweka mchezaji katikati ya uchovu na kukata tamaa: gemu ikiwa nyepesi mno anachoka, ikiwa nzito mno anaiacha. Mwaka 2006 aliambatanisha na maandishi yake gemu iitwayo flOw, ambamo mchezaji mwenyewe, kwa namna anavyocheza, hupandisha au kushusha ugumu. Mwaka uliofuata gemu hiyo ikatoka kwa PlayStation 3. Chen na mwanafunzi mwenzake, Kellee Santiago, walikuwa tayari wameanzisha kampuni ya thatgamecompany, na mwaka 2012 wakatoa Journey, gemu ambayo muziki wake uliotungwa na Austin Wintory uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa albamu nzima ya muziki wa gemu.

Swali la Chen si geni pwani yetu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, huziingiza moja moja wakati wa kunamua, kisha mchezo hugeuka kuwa wa mtaji, yaani wa kete zilizo ubaoni tu. Kanuni hizo chache huzaa mchezo mzito kiasi kwamba mtafiti Alex de Voogt aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar, akaitetea katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, mwaka 1995. Kijana aliyekulia barazani akiwatazama wazee wakicheza tayari ameonja somo ambalo wenzake watalisoma vitabuni: namna kanuni inavyojenga mvutano, na wakati gani mchezo ubadilike ili usichoshe.

Na gemu zinaweza kufanya zaidi ya kuburudisha. Ushahidi uko Tanga. Katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa darasani, walipewa vishkwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili: onebillion na Kitkit School. Kitkit School ilitengenezwa na kampuni ya Enuma, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Sooinn Lee, alikuwa mbunifu wa gemu huko Korea Kusini kabla ya kugeukia elimu. Ujuzi wa kumfanya mchezaji atake kujaribu tena ulitumika kumfanya mtoto wa Tanga atake kusoma tena.

Hata hivyo, anayefikiria njia hii ajue hali ya soko. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,900 katika kitengo chake cha gemu, na mwezi uliofuata Sony ikatangaza kupunguza wapatao 900. Mhitimu mpya anagombea nafasi na watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Katika ushindani huo mwajiri hufungua kwanza kazi za mwombaji: gemu alizomaliza, sehemu aliyoifanya yeye mwenyewe, na maelezo ya matatizo aliyoyatatua. Cheti hufuata nyuma. Kwa hiyo mwaka mmoja wa uzamili wa Uingereza, au miwili mitatu ya Marekani, una thamani kwa kiasi ambacho mwanafunzi ameutumia kumaliza kazi zinazoonekana.

Ada nayo ni mzigo, hasa kwa mwanafunzi wa kigeni. Ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, pamoja na nauli na posho ya kujikimu, na Watanzania, Wakenya na Waganda huruhusiwa kuomba. Sharti mojawapo ni uzoefu wa kazi wa saa 2,800, sawa na miaka miwili hivi. Muda huo usipotee bure. Godot, programu ya kutengenezea gemu, hupakuliwa bila malipo na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Mwenye nia atengeneze gemu ndogo ya dakika tano, awape watu wasiomjua waicheze, aone wanakwama wapi, airekebishe, kisha atengeneze nyingine.

Vyuo vyetu navyo vina la kufanya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano Kijitonyama, na kina idara ya sanaa bunifu Mlimani. Haihitaji jengo jipya kuwakutanisha wanafunzi wa pande hizo mbili katika mradi mmoja wa muhula, wenye tarehe ya kukabidhi na gemu ya Kiswahili mwishoni. Wakuu wa ndaki na idara hizo waanze na darasa moja, mwaka ujao wa masomo.