Je, Wajua? Tairi Lina Tarehe ya Kuzaliwa

Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Anayenunua tairi la mtumba Bariadi azisome kabla ya kutoa hela. Kashata nzuri hazitoshi: mpira huzeeka hata stoo, na rangi nyeusi huficha nyufa.

Halafu kuna tope. Udongo mweusi wa mbuga za Simiyu, rafiki wa pamba, ukigandia ndani ya rimu, usukani hutetemeka gari likishika kasi. Wengi hukimbilia alaimenti bure. Osha rimu upande wa ndani pia. Upepo? Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla ya kuelekea Lamadi au Maswa.