Arosto: panya wa maabara waonyesha njia nyingine

Mtumiaji wa heroini huogopa arosto kuliko anavyoogopa polisi. Muda wa saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, miayo huanza, kamasi na machozi hutiririka, mifupa huuma, tumbo hukatika kwa kuhara na kutapika, na usingizi hupotea kwa siku kadhaa. Wengi walioamua kuacha hurudi kijiweni kwa sababu hiyo tu. Ladha ya unga wameshaisahau zamani. Wanachotafuta ni mwili kutulia.

Katika ukanda wetu, tegemeo kubwa ni methadoni. Tanzania ilianza kuitoa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, na Uganda ikaanza Butabika mwaka 2020. Ni dawa inayookoa maisha, na anayeibeza hajakaa na mgonjwa. Lakini nayo ni ya jamii ya afyuni, hivyo hutolewa kwa ulinzi mkali: kwa kawaida mgonjwa hufika kliniki kila siku na kuinywa mbele ya mhudumu. Anayeishi mbali hulipa nauli kila siku, na kibarua hubembeleza ruhusa kila asubuhi. Akikosa, arosto inamsubiri.

Ndiyo maana inafaa kufuatilia kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, Marekani. Hawa walijiuliza kama mwili wenyewe hauna kitu cha kutuliza arosto.

Kitu hicho kipo. Ubongo hutengeneza kemikali zinazogusa vipokezi vile vile vinavyoguswa na bangi. Ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1992 na kundi la Raphael Mechoulam mjini Jerusalem, iliitwa anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Nyingine hujulikana kwa kifupi 2-AG. Shida ni kwamba hazidumu. Kimeng'enya kiitwacho FAAH huivunja anandamaidi, na kingine, MAGL, huivunja 2-AG. Ni kama ndoo inayovuja: badala ya kumwaga maji zaidi, ziba tundu. Dawa za kuzuia vimeng'enya hivi hufanya kazi hiyo ya kuziba.

Mwaka 2011 watafiti hao walitoa matokeo yao. Panya waliwekewa vidonge vya mofini chini ya ngozi hadi miili yao ikaizoea, kisha wakapewa naloksoni, dawa inayoing'oa mofini kwenye vipokezi vyake na kuleta arosto ya ghafla. Panya wa namna hiyo huruka-ruka, hutikisa kichwa na miguu ya mbele, huhara na kupungua uzito.

Waliozuiliwa MAGL walipata nafuu katika dalili nyingi kati ya hizo, hata kuhara. Waliozuiliwa FAAH walipunguza kuruka na kutikisa miguu kuliko wenzao wasiotibiwa, lakini kuhara na kupungua uzito kulibaki vile vile. Tofauti hiyo si ndogo. Arosto ikimuua mtu, mara nyingi ni kwa kupotewa na maji, kwa hiyo dawa isiyofika tumboni imefanya nusu ya kazi.

Mbona basi MAGL isizibwe kabisa? Utafiti mwingine wa panya, wa mwaka 2010, ulionyesha kwamba ikizuiliwa kikamilifu siku nyingi mfululizo, vipokezi huchoka na dawa hupoteza nguvu. Mwaka 2013 kundi la Virginia likajaribu kuchanganya: FAAH izuiwe yote, MAGL kwa sehemu tu. Mchanganyiko huo ulituliza arosto kuliko kuzuia kimeng'enya kimoja, bila kuwalevya panya kama bangi.

Kutoka panya hadi binadamu ndiko kwenye mlima. Dawa moja ya kuzuia FAAH, iliyofanya vizuri kwa wanyama, ilishindwa kupunguza maumivu ya magoti kwa wagonjwa. Januari 2016, mjini Rennes, Ufaransa, jaribio la dawa nyingine ya aina hiyo liliwapeleka hospitali watu 6 waliojitolea, na mmoja akafa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba dawa hiyo ilizuia pia vimeng'enya vingine ambavyo haikukusudiwa kuvigusa. Haina maana kwamba dawa zote za kundi hili ni sumu: mwaka 2019 watafiti wa Yale waliripoti kwamba dawa ya FAAH kutoka kampuni ya Pfizer iliwapunguzia wanaume waliokuwa wakiacha bangi dalili za kuikosa, tena bila madhara makubwa.

Bangi lakini si heroini. Panya wa Virginia walikaa na mofini siku chache. Kijana wa Mombasa au Temeke huenda amekaa na unga miaka kumi, akiwa na kifua kikuu au virusi vya UKIMWI juu yake, na dawa zake za kila siku. Jinsi kizuizi cha MAGL kitakavyokaa na mzigo huo ni swali ambalo panya mwenye afya hawezi kulijibu.