Kurejesha Mamlaka ya Msimamizi katika Kompyuta ya Nyumbani: Mpaka kati ya Mashine na Yaliyomo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mtumiaji wa kompyuta ya nyumbani inayotumia mfumo endeshi wa Windows anavyoweza kurejesha mamlaka ya msimamizi baada ya kuyapoteza. Hoja yake ya msingi ni kwamba kuirejesha mashine na kuyarejesha yaliyomo ndani yake ni mambo mawili tofauti. Mambo hayo yalikaribiana sana katika matoleo ya awali ya Windows, na yametengana kadiri usimbaji fiche ulivyoenea. Baadhi ya njia zinazozoeleka miongoni mwa mafundi hufanikisha jambo la kwanza kwa gharama ya la pili.

1.0 Utangulizi

Chukulia kaya yenye kompyuta mpakato moja. Akaunti ya msimamizi ni ya baba. Mama na watoto wana akaunti za kawaida. Baba anafariki bila kumwachia mtu nywila. Ndani ya kompyuta hiyo mna picha za miaka kumi, nakala za hati ya kiwanja na hesabu za duka. Familia inampelekea fundi, naye anaulizwa swali moja tu: je, unaweza kuifungua?

Ndani ya swali hilo mna maswali mawili. La kwanza ni iwapo familia inaweza tena kuitawala mashine, yaani kusakinisha programu, kuunda akaunti na kubadili mipangilio. La pili ni iwapo inaweza kuyasoma aliyoyaacha marehemu. Fundi anayelijibu la kwanza kwa "ndiyo" anaweza, kwa kitendo hichohicho, kuwa amelijibu la pili kwa "hapana". Mfano huu umebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, lakini hauhitaji msiba ili utokee. Msimamizi aliyesahau nywila, au aliyehamia mji mwingine, huiacha kaya katika hali ileile.

2.0 Dhana ya Msimamizi

Katika lugha ya mahakama, msimamizi wa mirathi si mwenye mali; ni mtu aliyekabidhiwa uwezo wa kuisimamia. Maana hiyo inalifaa neno hili hata linapotumika katika kompyuta. Katika Windows, msimamizi ni akaunti yoyote iliyomo katika kundi maalumu ambalo kitambulisho chake ni kilekile katika kila mashine, S-1-5-32-544. Mbali na akaunti zinazoundwa na watumiaji, kila usakinishaji huzaliwa na akaunti moja ya msimamizi ya asili, ambayo kitambulisho chake huishia kwa namba 500. Msimamizi anaweza kujipa ruhusa ya kufungua faili za mtumiaji mwingine. Hata hivyo, kama itakavyoonekana, uwezo wa kufungua faili si uwezo wa kuielewa iwapo imesimbwa kwa siri ya mtu mwingine.

Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, hata msimamizi hufanya kazi zake za kila siku kwa uwezo wa mtumiaji wa kawaida mpaka atoe idhini katika kidirisha kinachojitokeza. Mtumiaji wa kawaida hukutana na kidirisha hichohicho, lakini yeye hutakiwa kuingiza nywila ya msimamizi. Hapa ndipo aina moja ya upotevu inapojidhihirisha, nayo huwashangaza wengi: mtu hajasahau chochote, ila ameishusha akaunti yake pekee ya msimamizi kuwa ya kawaida. Kidirisha hujitokeza bila akaunti ya kuchagua, na kitufe cha kukubali hakibonyezeki. Ili kurekebisha kosa, mfumo unadai mamlaka yaleyale ambayo kosa limeyaondoa.

3.0 Mlango Uliokuwa Wazi

Katika Windows XP ya mwaka 2001, tatizo hili lilikuwa dogo. Akaunti ya msimamizi ya asili ilikuwepo na ilikuwa hai. Katika toleo la nyumbani ilifichwa, ikaonekana tu kompyuta ilipowashwa katika hali salama, na kwa kawaida haikuwa na nywila. Aliyejua jambo hilo aliingia, akabadili nywila ya akaunti nyingine, akatoka. Waandishi wengi huutaja utaratibu huu kama uzembe. Tathmini hiyo si ya haki kabisa, kwa kuwa XP ilizuia akaunti isiyo na nywila kutumika kupitia mtandao. Aliyetaka kuitumia alilazimika kukaa mbele ya kibodi. Kwa kompyuta iliyo sebuleni, mwenye kukaa mbele ya kibodi kwa kawaida ni mtu wa nyumbani.

Vista iliifunga akaunti hiyo. Hata hivyo, wabunifu wake waliacha tundu moja lililofikiriwa vizuri: katika kompyuta isiyounganishwa na mtandao wa ofisi, iwapo hakuna akaunti nyingine yoyote ya msimamizi iliyo hai, hali salama ingeikubali akaunti ya asili ingawa imefungwa. Iwapo ipo hata moja, ingekataliwa. Utaratibu huo ulimsaidia aliyejishusha cheo, lakini haukumsaidia aliyesahau nywila, kwa sababu akaunti yake bado ilihesabika kuwa hai. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini ushauri uleule wa hali salama humfaa mtu mmoja na kumwangusha mwingine.

4.0 Kuingia kwa Nje

Pale mlango wa ndani ulipofungwa, mafundi walipita nje. Nywila za akaunti za ndani hutunzwa katika faili la SAM, lililo katika folda ya mfumo, zikiwa katika umbo la hashi, yaani alama inayokokotolewa kutokana na nywila na isiyoweza kugeuzwa moja kwa moja kuwa nywila. Windows inapofanya kazi hulilinda faili hilo lisiguswe. Lakini kompyuta ikiwashwa kwa flashi yenye mfumo endeshi mwingine, ulinzi huo haupo, na SAM huwa faili kama faili jingine. Programu za aina hii, maarufu zaidi ikiwa ile ya Petter Nordahl-Hagen iliyoanza kusambazwa miaka ya 1990, hazivumbui nywila ya zamani. Hufuta hashi iliyopo au kuwasha tena akaunti iliyofungwa. Njia nyingine iliyoenea ni kubadilisha, kwa kupitia nje, programu ya huduma za walemavu inayopatikana katika skrini ya kuingilia, ili mahali pake pafunguke dirisha la amri lenye uwezo wote wa mfumo. Programu za kuzuia virusi za sasa huitambua hila hiyo na kuizuia.

Njia hizi zote zinategemea ukweli mmoja ambao Microsoft yenyewe iliukiri mwaka 2000 katika kanuni zake kumi za usalama: kompyuta iliyo mikononi mwa mtu bila kizuizi si tena ya mwenyewe. Kanuni hiyo iliandikwa kumwonya mwenye mali dhidi ya mwizi. Kwa familia iliyotajwa hapo juu, kanuni hiyohiyo ni tumaini.

Gharama hujitokeza baadaye. Tangu Windows 2000, mfumo una huduma ya kulinda siri za mtumiaji, ijulikanayo kwa kifupisho DPAPI. Huduma hiyo hutengeneza ufunguo mkuu na kuufunga kwa nywila ya mtumiaji. Kisha programu nyingine huutegemea. Vivinjari kama Chrome huitumia kulinda nywila za tovuti zilizohifadhiwa. Faili zilizosimbwa kwa EFS, ambayo haimo katika matoleo ya nyumbani lakini imo katika yale ya kitaalamu, hutegemea mnyororo huohuo. Mtumiaji anapobadili nywila kwa njia ya kawaida huulizwa nywila ya zamani, na swali hilo si la adabu tu. Mfumo huutumia jibu lake kuufungua ufunguo mkuu na kuufunga upya kwa nywila mpya. Anayefuta hashi kwa nje huiruka hatua hiyo. Anaingia, anaona eneo-kazi lilelile na picha ileile ya ukutani, lakini siri zilizofungwa kwa nywila ya zamani hazifunguki. Hazijafutwa, zinabaki zimefungwa, na iwapo nywila ya zamani itakumbukwa na kurejeshwa, zinaweza kusomeka tena. Kwa nywila aliyoondoka nayo marehemu, faraja hiyo ni ndogo.

Kinachosahaulika katika warsha nyingi ni kwamba picha na hati za kawaida, katika diski isiyosimbwa, hazihitaji mamlaka ya msimamizi hata kidogo ili zisomwe. Flashi ileile inayotumika kufuta hashi inaweza kuzinakili kwanza. Utaratibu sahihi kwa hiyo ni kunakili kabla ya kugusa akaunti, na fundi anayeanza na akaunti anaanza na sehemu isiyo ya lazima.

Njia pekee ya zamani iliyounganisha mambo yote mawili ilikuwa diski ya kuweka upya nywila, iliyopatikana tangu XP. Mtumiaji huitengeneza mapema katika flashi, mara moja tu, hata kama atabadili nywila mara nyingi baadaye. Kompyuta hubaki na nakala ya nywila iliyosimbwa. Flashi hubeba ufunguo wa kuisimbua. Mfumo huipata nywila ya zamani, na kwa hiyo ufunguo mkuu hufungwa upya ipasavyo. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: inamfaa tu aliyeitengeneza kabla ya kuihitaji.

5.0 Diski Iliyosimbwa

Kuanzia Windows 8.1 ya mwaka 2013, kompyuta za nyumbani zenye vifaa vinavyokidhi masharti zilianza kusimba diski nzima bila mwenyewe kuombwa. Ufunguo hulindwa na chipu ya TPM, ambayo huutoa tu pale mashine inapowaka kwa utaratibu wake wa kawaida. Diski ikihamishiwa kwingine, au kompyuta ikiwashwa kwa flashi, kinachoonekana ni data isiyosomeka. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, imeifanya chipu hiyo kuwa sharti, na toleo lake la 24H2 la mwaka 2024 limepunguza masharti ya usimbaji wa moja kwa moja. Mbinu zote za sehemu ya nne hukoma hapa.

Kilichobaki ni ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48 katika mafungu manane ya tarakimu sita. Kila fungu ni namba inayogawanyika kwa 11, na hivyo mfumo hutambua mara moja fungu lililoandikwa kimakosa. Gawanya kila fungu kwa 11 na zinabaki biti 16. Mafungu manane yanatoa biti 128, kiasi ambacho hakibahatishwi. Katika kompyuta ya nyumbani ufunguo huu hupelekwa katika akaunti ya Microsoft ya msimamizi wa kwanza anayeingia kwa akaunti hiyo. Kabla ya hapo, jambo la ajabu hutokea: diski imekwisha kusimbwa, lakini ufunguo wake umeachwa wazi kwenye diski hiyohiyo. Kaya isiyowahi kuingia kwa akaunti ya Microsoft ina kompyuta inayoonekana kusimbwa na isiyolindwa. Kwa mjane hiyo ni bahati.

Mabadiliko haya yamehamisha kitovu cha tatizo. Zamani aliyekuwa na mashine alikuwa na kila kitu. Sasa aliye na akaunti ya mtandaoni ndiye mwenye ufunguo, hata kama mashine iko mbali naye. Jambo hili linawagusa pia wanunuzi wa kompyuta za mtumba. Muuzaji asiyesakinisha upya mfumo anaweza kuuza mashine ambayo ufunguo wake wa kurejesha umo katika akaunti ya mgeni wa nchi nyingine. Siku chipu itakapotilia shaka badiliko fulani, mnunuzi ataulizwa tarakimu 48 ambazo hajawahi kuziona.

6.0 Idhini na Utaratibu

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na ile ya Kenya ya mwaka 2018 zote hukataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Mizani yake ni idhini, na kuwa na mashine mkononi pekee hakutoshi kuithibitisha. Kwa mke ambaye jina la msimamizi si lake, nyaraka za mahakama zinazomtambua kuwa msimamizi wa mirathi humpa fundi sababu ya kuigusa mashine, na humpa yeye msimamo anapoomba akaunti ya marehemu kwa mtoa huduma. Hapo wasimamizi wawili wa istilahi moja hukutana.

Kwa kaya ambayo bado haijapoteza chochote, kazi yote ni ya dakika chache, na sharti lake ni kwamba ifanywe na aliye msimamizi leo: ni yeye tu, akiwa ameingia, anayeweza kuuonyesha ufunguo wa diski na kuuchapisha. Akaunti ya pili ya msimamizi yenye nywila iliyotunzwa pamoja na vyeti vya nyumbani inatosha kwa sehemu iliyobaki.

Kwa kaya iliyokwisha kupoteza, hatua ya kwanza ni kuwasha kompyuta na kuangalia iwapo inafika skrini ya kuingilia au inadai ufunguo wa kurejesha. Ikidai ufunguo, skrini huonyesha pia kitambulisho cha ufunguo, ambacho herufi na tarakimu zake nane za mwanzo hulinganishwa na orodha iliyo katika akaunti ya Microsoft. Familia hutafuta basi simu ya marehemu au barua pepe aliyoitumia kujiandikisha, kwa kuwa kwa kupitia hizo akaunti inaweza kurejeshwa. Nane hizo zikilingana, picha zimepatikana. Zisipolingana na ufunguo wowote, hati ya kiwanja italazimika kuombwa upya ofisi ya ardhi. Kompyuta yenyewe husakinishwa upya mchana uleule na kumpa mama akaunti ya msimamizi, ikiwa tupu.