Je, Wajua? Okarina haijali tundu liko wapi

Filimbi ya mwanzi hubadili sauti kulingana na mahali lilipo tundu. Okarina, kile chombo cha udongo chenye tumbo la mviringo, haiko hivyo. Kilicho muhimu ni ukubwa wa matundu yaliyo wazi yote kwa pamoja. Kadiri unavyoinua vidole, ndivyo sauti inavyopanda. Ni kanuni ile ile ya kupuliza mdomoni mwa chupa tupu ya soda, mchezo wanaoujua hata watoto wa Majanji, huko Busia ya Uganda, ufukoni mwa Ziwa Viktoria.

Okarina ya kisasa ilibuniwa na Giuseppe Donati mjini Budrio, Italia, mwaka 1853. Jina "okarina" lina maana ya bata bukini mdogo.

Ukitaka kujifunza wimbo wa gwaride kwa okarina, anza na "Funga Safari", wimbo wa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza lililoundwa mwaka 1902 ambalo batalioni yake ya 4 ilikuwa ya Uganda. Usikimbilie vidole. Kwanza tembea papo hapo, kushoto, kulia, huku ukitamka "tu, tu, tu". Ulimi ndio unaokata noti. Bila huo, gwaride linageuka mluzi mrefu usio na miguu. Kisha puliza polepole, noti tatu tatu. Za chini zinataka pumzi nyepesi, za juu pumzi nzito kidogo. Ukizidisha, sauti inapanda na wimbo unapotoka. Ukiweza mapigo 120 kwa dakika bila kukosea, umefikia mwendo wa gwaride.