Anayetuma ndiye mlinzi wa siri ya mwenziwe

Umezuka mtindo katika kisiwa chetu cha Mombasa ambao, tusipoukemea mapema, utaimaliza sitara tuliyorithi kwa wazee wetu. Mtu akianguka njiani hupigwa picha kabla ya kuinuliwa. Mume na mke wakigombana, sauti zao hunaswa na jirani, na kabla ya adhuhuri zimekwisha kusikika Likoni na Changamwe. Mgonjwa akilazwa, picha yake akiwa kitandani huzungushwa kwa kisingizio cha kumwombea dua. Mtoto akifeli mtihani, alama zake hujadiliwa na watu wasiomjua hata kwa sura. Na kila ukimwuliza aliyeyasambaza mambo hayo, jibu huwa ni moja: "Mimi nilitumiwa tu, nami nikatuma."

Jibu hilo ndilo ninalotaka tulijadili leo, ndugu msomaji, kwa sababu naona kwamba ndani yake mna udanganyifu mkubwa. Hakuna mtu "aliyetumiwa tu". Kampuni zenye mitandao ya kijamii zina wajibu wao, na serikali ina wake. Lakini baina ya siri ya mtu na macho ya umma pana kidole kimoja cha mtu mmoja, na kidole hicho hakisukumwi na serikali wala na kampuni. Mwenye kidole ndiye mwenye dhamana.

Anayetaka kujua jinsi wazee wetu walivyoithamini faragha na apite katika vichochoro vya Mji wa Kale. Atakuta baraza za mawe nje ya nyumba, mahali pa kumpokea mgeni na kuzungumza naye bila ya kumwingiza ndani. Atakuta milango mizito ya kuchongwa, na juu yake roshani zenye vipande vya mbao vilivyopangwa kwa namna ambayo upepo unapita na aliye ndani anaona njia, naye haonekani. Na atasikia hodi. Mwenye adabu hupiga hodi, na asipoitikiwa huenda zake hata kama mlango u wazi.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalifanywa na watu waliokuwa mbalimbali. Kinyume chake, waliishi wamebanana, nyumba zimeegemeana, kikohozi cha huyu kikisikika kwa yule. Jirani alijua ni nani aliyelala na njaa, ni nani aliyepewa talaka usiku, na mtoto wa nani amerudi nyumbani alfajiri. Faragha ya mji huo haikutokana na kutojua. Ilikuwa ni kujua na kunyamaza. Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Mwosha huona kila kitu, na kwa sababu hiyo hiyo hutakiwa afunge kinywa chake. Yule aliyeona ndiye aliyepewa amana ya kusitiri. Hata mwenye kinyongo na jirani yake alikuwa akinunua leso yenye fumbo, akajifunga, akapita. Mlengwa alielewa, na mtoto aliyesimama kando hakuambulia kitu.

Hebu sasa tuitazame harusi yetu ya leo. Kila mtu wa mwambao anaujua usiku wa kupamba, ambapo bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake wenzake. Wanawake huvua mabuibui, huachia nywele, hucheza na kufurahi wakiwa na yakini kwamba hapana jicho la mwanamume. Yakini hiyo siku hizi imeingia nyufa. Inatosha mgeni mmoja, katika mamia ya wageni, ainue simu yake kwa muda wa kufumba na kufumbua, na mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote anakuwa tamasha la watu wa barazani. Ndiyo maana baadhi ya wenye harusi wameanza kuweka walinzi mlangoni wa kuzikusanya simu, kama zinavyokusanywa silaha. Nawaunga mkono kwa dhati. Lakini ni dalili gani hiyo kwa jamii iliyojisifu kwa adabu yake? Bibi yangu hakuhitaji mlinzi mlangoni. Alihitaji wageni tu.

Wapo wanaojiliwaza kwamba mambo yao ni salama kwa kuwa wanayatuma katika kikundi cha watu wachache wanaoaminiana. Wamesikia kwamba tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Ni kweli. Lakini kufuli hiyo huulinda ujumbe njiani tu. Ukifika kwa aliyepelekewa hufunguka, na kutoka hapo usalama wake unategemea tabia yake. Mwaka 2018, baada ya uvumi uliosambazwa kwa simu kusababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India, kampuni hiyo ilianza kupunguza idadi ya watu wanaoweza kupelekewa ujumbe mmoja kwa mpigo. Mwaka 2019 kikomo cha watu au vikundi vitano kikawekwa duniani kote, na mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzungushwa mara nyingi ukazuiwa kupelekwa zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hatua hizo ziliupunguza mwendo wa ujumbe. Hazikumpa mtumaji dhamiri. Aidha, anayefuta alichotuma hufuta nakala moja tu. Zile ambazo wenzake wamekwisha kuziweka akiba hana mamlaka juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatari ya mkono unaotuma ina historia hapa hapa kwetu. Mnamo Aprili 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Wajapani waliushambulia mji wa Colombo. Waingereza wakawahamishia Mombasa wataalamu wao waliokuwa wakinasa na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, na mpaka waliporudi Colombo mwaka 1943 kazi yao ilifungamana na jina la Kilindini. Novemba 1942 walifaulu kuuvunja mfumo wa siri uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Mlango ulifunguliwa na mtumaji mwenyewe. Alituma ujumbe, akakumbuka kwamba kuna maelezo aliyoyasahau, akautuma tena na maelezo hayo kwa ufunguo ule ule wa siri. Nakala hizo mbili zilipowekwa sambamba, wataalamu wakapata pa kuanzia, na safari za meli zikaanza kujulikana.

Mafunzo yake kwetu ni haya: siri hutoka vipande vipande, na kila kipande peke yake huonekana hakina madhara. Mzazi huweka picha ya mwanawe akiwa na sare ya shule. Wiki ifuatayo huweka nyingine wamesimama mlangoni pa nyumba yao. Kisha huweka ya tatu, jamaa nzima wakiwa uwanja wa ndege wanakwenda Umra. Mwenye nia mbaya akiziweka sambamba picha hizo tatu hupata kujua mtoto anasoma wapi, nyumba iko mtaa gani, na ni juma gani haina mtu. Hakuhitaji mtaalamu wa Colombo kumfumbulia. Mwenye nyumba amemfumbulia mwenyewe.

Kutoka vita hivyo nije kwenye msiba ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa macho yetu. Jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, likazama na mama na mtoto wake wa miaka minne. Miili yao ilitolewa majini tarehe 11 Oktoba. Picha za video za gari lile likielea na kuzama zilienea nchini kwa kasi ya ajabu.

Sitaki kuwa mwepesi wa kulaumu. Picha zile zilikuwa na faida ya wazi: zilithibitisha yaliyotukia, na zikaufanya umma uulize kwa ukali juu ya usalama wa vivuko vyetu. Aliyezipiga na kuzipeleka kwa wenye mamlaka angestahili shukrani. Lakini hebu tujiulize: zilipokwisha kutoa ushahidi huo, kila mmoja wetu aliyezituma tena kwa marafiki zake alikuwa akishuhudia nini? Ndani ya gari lile mlikuwa na mke wa mtu, mwana wa mtu na mjukuu wa mtu. Jamaa wa marehemu nao walikuwa na simu. Kwa siku zote za kungojea miili, hawakuwa na mahali pa kuyaficha macho yao. Ushahidi ulihitaji kutumwa mara moja, mahali panapohusika. Mara elfu zilizofuata zilikuwa tamasha.

Je, sheria haitoshi? Sheria tunazo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na kutofichuliwa mambo ya jamaa yake pasipo sababu. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inamtishia anayesambaza picha za utupu za mwenziwe kwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au adhabu zote mbili. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulika na taarifa za mtoto. Sheria hiyo ina meno. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo, katika kifungu chake cha 51, inamwacha nje mtu binafsi anayetumia taarifa kwa mambo yake mwenyewe au ya nyumbani kwake tu. Nayo ina haki ya kufanya hivyo, maana hakuna atakaye askari akague albamu ya picha za jamaa. Lakini maana yake ni kwamba uwanja mpana wa maisha yetu, yaani mazungumzo ya jamaa, ya majirani na ya marafiki, umeachwa mikononi mwetu. Na hata pale ambapo sheria inafika, hufika baadaye. Faini humwadhibu mkosa. Haiwezi kumrudishia msichana jina lake.

Wapo watakaosema kwamba ninahubiri kimya, na kwamba chini ya kimya hicho maovu mengi yamefunikwa. Hoja hiyo ina uzito. Tunajua nyumba ambamo mke alipigwa na mtoto akadhulumiwa, na jamaa wakaambiana wasitiri. Huo hauwi usitiri. Huo ni ushirika katika dhuluma. Mficha uchi hazai, lakini uchi huonyeshwa mkunga, hauonyeshwi Marikiti nzima. Mwovu na apelekwe polisi, mbele ya kadhi, kwa daktari, kwa chifu au mahakamani. Ukimweka kwenye mitandao, mara nyingi anayeumia zaidi ni yule yule aliyedhulumiwa, ambaye sura yake itakuwa ikitazamwa hata baada ya mwovu kusahauliwa.

Basi mtu afanye nini? Kwa maoni yangu, yatosha kujiuliza maswali matatu kabla ya kubonyeza. Kwanza, jambo hili ni la nani? Kama si langu, mwenyewe ameridhia? Picha ya karamu ambamo wamo watu kumi ina wenyewe kumi, si mmoja aliyeshika simu. Pili, huyu ninayempelekea analihitaji kwa ajili gani? Orodha ya waliochangia matibabu, yenye majina yao, nambari zao za simu na kiasi cha fedha, inamhusu mweka hazina na wanakamati. Haiwahusu watu mia mbili. Tatu, je, ningekuwa mimi, au mama yangu, ningependa? Asiyeweza kujibu maswali hayo na aiweke simu mfukoni. Hakuna aliyepata kudhurika kwa picha ambayo haikutumwa.

Watoto nao wanahitaji ulinzi wa pekee, kwa kuwa hawana sauti. Mtoto anayewekwa mtandaoni leo akilia, akioga au akiadhibiwa atakuwa mtu mzima kesho, akitafuta kazi na mchumba, na picha ile itamtangulia. Mzazi hakupewa mwana ili amtangaze.

Vivyo hivyo, anayepokea ana nafasi ya kuwa mwisho wa safari. Habari ya aibu ikikufikia, usiipokee kwa kicheko wala usimwombe aliyeituma akuletee zaidi. Mwambie kwa upole kwamba hukuitaka, kisha uifute. Akiambiwa hivyo na watu watatu, wa nne hatamtumia. Wazee wetu hawakuwa na sheria ya data, nao walikaa ukuta kwa ukuta na aibu za majirani zao, wakazika nazo. Sisi tumepewa chombo chenye nguvu kuliko vinywa vyao vyote. Na tukitumie kama waungwana.