Maji ya Pembezoni mwa Jiji (3): Maabara Inayoanzia Chooni

Katika sehemu mbili zilizopita tuliyafuata maji kutoka mto Ruvu, tukapita mtambo wa Ruvu Juu wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na ule wa Ruvu Chini wenye lita milioni 270, hadi mabomba makuu yanapoingia jijini. Leo tunakwenda kule ambako bomba ni la mgao au bado halijafika: Mbagala, Chamazi, Toangoma upande wa Temeke, Mabwepande na Bunju upande wa Kinondoni. Huko watu wengi hunywa kilichochimbwa. Tangu ukame wa 1997 visima virefu vimeongezeka Dar es Salaam kwa kasi: vya mitaa, vya misikiti na makanisa, vya watu binafsi wanaouza kwa dumu. Na mahali penye kisima hapakosi choo cha shimo, kama si cha mwenye nyumba basi cha jirani.

Ukilijua hilo, hutashangaa kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzao wa Chuo Kikuu Ardhi walio jirani nao palepale Mlimani, wametumia miaka mingi na majitaka. Nimewahi kusikia wakilaumiwa: wananchi wana kiu, wasomi wanachunguza vinyesi! Lawama hiyo inasahau ardhi ya jiji lenyewe. Sehemu kubwa ya udongo wa pwani ni mchanga, nao hupitisha maji upesi. Kinachoingia shimoni hushuka, na pampu ya kisima inapovuta, huvuta kilichopo.

Chukua nitrati, ambayo ni zao la kinyesi na mkojo vikishaoza ardhini. Haina rangi, haina harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo, maana nitrati huidhoofisha damu yao isibebe oksijeni ya kutosha. Mama akichemsha maji, vijidudu vinakufa lakini nitrati inabaki. Tena maji yakipungua sufuriani, kiwango chake kinapanda. Kidonge cha WaterGuard nacho hakiigusi. Kwa adui wa namna hii, njia rahisi ya kusafisha kisima ni kukitibu choo kabla ya kisima kuharibika.

Sasa tuingie maabara. Picha ya magazetini huwa ni ya profesa aliyevaa koti jeupe, lakini kazi huanzia kwa mwanafunzi wa uzamili aliyebeba kasha la barafu. Chupa zake zimetakaswa kwa mvuke. Akishachota sampuli Mbagala, anatakiwa kuifikisha Mlimani ndani ya saa sita hivi, la sivyo bakteria watakuwa wamekufa au wamezaliana na hesabu haitasema kweli. Anayeijua foleni ya Barabara ya Kilwa jioni ataelewa kwamba sayansi nyingine hutegemea pikipiki. Sampuli ikifika, fundi sanifu huchuja mililita 100 kwenye utando wenye matundu ya maikromita 0.45, ambayo ni madogo kuliko bakteria. Utando ule huwekwa kwenye sahani yenye chakula cha vijidudu, na sahani huingizwa katika kabati lenye joto la nyuzi 44 kwa saa 24. Bakteria wa kinyesi hustahimili joto hilo, wengi wengineo hawalistahimili. Kesho yake huhesabiwa vidoa. Kwa maji ya kunywa hesabu inayokubalika ni moja tu: sifuri. Mafundi hawa majina yao hayaonekani sana kwenye majarida, ila tafiti zote zinasimama juu ya mikono yao. Mmoja akistaafu bila kurithisha ujuzi, vyeti vya maprofesa havizibi pengo.

Na watafiti wenyewe wamegundua nini? Aloyce Mayo, mhandisi wa Mlimani, aliyachunguza mabwawa ya majitaka ya chuo, na mwaka 1989 akachapisha matokeo kuhusu kina cha bwawa na vifo vya bakteria. Mwanga wa jua huwaua, lakini hauzami mbali ndani ya maji yaliyojaa mwani. Kwa hiyo bwawa la kina kifupi huua zaidi kuliko la kina kirefu, ingawa linataka eneo kubwa. Kwa nchi yenye jua kama letu, hapa dawa ni ya bure. Ghali ni kiwanja.

Kiwanja kikiwa tatizo, wakageukia matete. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Mengiseny Kaseva wa Ardhi alipitisha majitaka yaliyokwisha kutibiwa kidogo katika vitanda vitatu vya kokoto. Kimoja hakikupandwa kitu, cha pili kilipandwa matete, cha tatu mimea ya majani mapana ya jamii ya Typha. Alipopima uchafu unaokula oksijeni ya maji, kitanda kitupu kiliondoa karibu asilimia 34, cha matete asilimia 56, cha Typha karibu 61. Tazama vizuri namba ya kwanza. Hata bila mmea, theluthi ya uchafu iliondoka, kwa sababu wafanyakazi wakubwa ni bakteria waliojishika kwenye kokoto. Mmea huwapa makazi zaidi mizizini na kuwapenyezea hewa.

Katika utafiti huohuo bakteria wa kinyesi walipungua kwa asilimia 43 hadi 72. Inasikika kubwa, lakini ukianza na bakteria milioni moja, ukaondoa asilimia 72, unabaki nao 280,000. Maji hayo yanafaa kumwagilia miti, hayafai kunywewa wala kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Kwa sababu hiyo watafiti Kayombo, Mbwette, Katima na wenzao, walipoandika mwongozo wa usanifu wa mabwawa na vitanda vya matete kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, waliviunganisha viwili hivi kwa mfuatano: bwawa lifanye lake, matete yamalizie.

Teknolojia hii haikubaki Mlimani. Chamazi, ambako familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijenga makazi mapya kupitia shirikisho la maskini wa mijini, majitaka ya nyumba hupelekwa kwenye kitanda cha mimea. Mlalakuwa na Toangoma kuna mitambo midogo ya kutibu tope la vyoo. Kule Arusha njia ilikuwa nyingine: Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la mchanga na chembe ndogo mno, akapata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi yenye pauni 25,000. Lakini Arusha inapambana na floridi ya miamba ya volkano. Chujio zuri la kule si jibu la moja kwa moja kwa kisima cha Mbagala, na wanasiasa wanaopenda kukabidhi vifaa mbele ya kamera wangefaa kuuliza kwanza maji ya mahali hapo yana nini.

Udhaifu ninaouona uko baada ya utafiti. Matete yasipovunwa huoza na kurudisha uchafu majini. Bwawa lisipotolewa tope hujaa, na bwawa lililojaa ni njia tu ya kupitishia majitaka. Fedha za wafadhili hujenga. Za kufyeka na kuzoa zinatakiwa kutoka halmashauri, na mara nyingi hazitoki. Halafu masika yanaingia, watu wanatapisha vyoo usiku, tope linafuata mtaro hadi kisimani. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni na kikaenea mikoani; maabara zilikuwepo, na walichokijua watafiti wakati ule walikuwa wamekijua muda mrefu.

Basi msomaji unayenunua maji ya kisima, muulize mwenye kisima cheti cha maabara, na uangalie tarehe: cheti cha Septemba hakisemi lolote kuhusu Aprili. Akikosa, changeni mtaani mkapime. Nanyi madiwani, bajeti inayokuja iwe na kifungu cha kuvuna matete na kuzoa tope. Wiki ijayo tutazungumzia chumvi ya bahari katika visima vya Kigamboni.